Vipindi vya pikipiki za Marekani: vimetufunza kuchomelea au vimetupotosha?

Fundi wa Gerezani (mleta mada)
Wakuu, hili linanikera siku nyingi, leo nalitoa. Mnaikumbuka American Chopper, ilipoanza kwenye kituo cha TV cha Discovery mwaka 2003? Baba na wanawe, akina Teutul wa Orange County Choppers huko New York, wanagombana weee, na mwisho pikipiki inatoka inang'aa. Tulikuwa tunaitazama kwa king'amuzi cha mwenye baa, na sikatai, ndiyo ilinipendesha chuma.

Lakini walikuwa wanatuonyesha nini? Mzee kavaa shati lililokatwa mikono, cheche za grainda zinaruka, hakuna anayesema neno. Mwaka juzi nilipokea kijana wa kujifunza kazi. Siku ya tatu nikamkuta anachomelea fremu ya bodaboda huku kafumba macho na kugeuzia uso pembeni. Nani kakufundisha? "Nimeona kwenye TV, fundi." Saa nane usiku mama yake ananipigia: mtoto analia, anasema macho yamejaa mchanga. Aliyewahi kupigwa na mwanga wa welding anaujua mchanga huo, unakuja masaa baadaye, ukiwa umeshalala.

Ninachosema: kipindi kikionyesha ufundi bila kinga, nacho kinafundisha, kitake kisitake. Hawa watu walipaswa kulazimishwa kuonyesha kinga. Karibuni.

Damu ya Kamukunji
Fundi, pole kwa huyo kijana, lakini hapo nakataa kabisa. Sisi huku Kamukunji, Nairobi, watu wamechomelea na miwani ya jua tangu kabla hiyo Discovery haijajulikana. Shida si TV, ni mfuko. Mteja anataka geti lake leo, na maski nzuri ni pesa ya chakula. Halafu nikuulize: huyo kijana ulimpa maski? Unasema ulimkuta siku ya tatu. Zile siku mbili za kwanza alikuwa anautazama moto na macho matupu?

Mbeba Chuma, Ohio
Mimi nachomelea fremu za trela huku, mwaka wa tisa sasa. Naona mnachanganya ustadi na usalama.

Kwenye ustadi wale si waigizaji. Teutul mzee alikuwa na kampuni ya kazi za chuma, Orange County Ironworks, kabla ya hizo choppa, yaani pikipiki za kuundwa upya. Jesse James wa kipindi cha Monster Garage, mwenye West Coast Choppers, wakati ule ikiwa Long Beach, mkono wake kwenye bati mafundi wengi wa huku wanauheshimu. Ila kamera haina subira na kazi yenyewe. Kusugua bomba hadi ling'ae, kupima, kurudia kupima, kusubiri chuma kipoe kisipinde: nani atakaa kutazama? Wanakata yote hayo, zinabaki cheche na makelele.

Na ule mshono wa welding watazamaji wanaousifia, unaofanana na sarafu zilizolaliana, haukwambii kama moto umezama ndani. Nimeona mizuri ikiachia kwenye majaribio kama biskuti. Tena kwenye choppa wengi wanausaga mshono mpaka ulingane na bomba, wanapaka puti, halafu rangi. Sasa mtazamaji anahukumu ustadi au rangi?

Na kuhusu kulazimishwa kinga, sheria zipo. Sheria ya usalama kazini ya huku ni ya 1970. Tangu 2006 hata ile kromu yenye sumu, inayotoka ukichomelea chuma kisichoshika kutu, ina kikomo chake: mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8.

Jembe la Temeke
Mmemsahau Indian Larry, yule mtengeneza choppa? Mwaka 2004, North Carolina, alisimama juu ya pikipiki inayokwenda, akaanguka, akafariki. TV hiyo hiyo.

Mbeba Chuma, Ohio
Hayo yalikuwa maonyesho ya pikipiki, mkuu. Hapa ni karakana.

Binti Uchomeleaji
Nimesoma uchomeleaji VETA, chuo cha ufundi. Kaka zangu mnazungumzia macho kwa sababu macho yanauma. Moshi hauumi, ndiyo maana mnaupita. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila ubishi. Na ile dawa ya kopo ya kusafishia breki? Nyingine zina klorini. Ukipulizia chuma ukawasha arki, ule moto wa welding, kabla haijakauka, inageuka fosijeni, gesi iliyoua watu Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa hoja ya mleta mada, mimi ningewadai hao wa TV jambo moja tu: matenki ya petroli. Kwenye vipindi vile wanachomelea tenki na hakuna anayeshtuka, kwa sababu mengi ni mapya, hayajawahi kuonja petroli. Kijana wa mtaani anaona tenki, anaona moto, basi. La kwake limebeba petroli miaka sita, kalimwaga asubuhi, anasema "ni tupu". Tupu ndilo lenye mvuke wa kulipuka!

Fundi wa Gerezani
Damu ya Kamukunji, umenigusa penyewe. Maski ilikuwa moja, nilivaa mimi, yeye ananishikia chuma. Nimeshanunua ya pili, kioo namba 11. Bado nasema TV ina lake, ila langu lilitangulia.

Binti, wiki hii nimeletewa matenki mawili ya bodaboda yanavuja. Mlifundishwa kujaza maji?

Binti Uchomeleaji
Kwanza yaoshe kwa sabuni na maji ya moto, zaidi ya mara moja. Ndipo ujaze maji mpaka karibu na tundu, na mfuniko uwe wazi mvuke upate pa kutokea. Ila kama ni tundu dogo, ziba kwa gundi ya chuma, usiwashe moto kabisa.

Fundi wa Gerezani
Moja ni tundu dogo. La pili limeoza chini yote.

Binti Uchomeleaji
Hilo la pili mwambie mwenyewe anunue jingine.