Nguo za mlimani kwa mtu mrefu sana: naombeni msaada kabla ya Jumatatu

Ngongoti
Habari za jioni wakuu. Jumatatu napanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame na mpaka sasa sina nguo ya kunitosha. Nina sentimita 203, kilo 84, yaani mrefu halafu mwembamba. Koti lolote nikivaa, mikono inaishia katikati ya kigasha. Nikiinua mkono, tumbo lote nje. Nimejaribu XXL, ndani tunaingia wawili na mikono bado mifupi! Suruali ndiyo usiseme. Nipo Moshi mjini. Nitapata wapi za saizi yangu, au fundi anaweza kurefusha? Tafadhali tusitaniane, nimetaniwa tangu shule ya msingi.

Kibuyu Tupu
Uhuru ni mita 5,895. Toa mbili zako, umebakiwa na 5,893. Sisi wengine tunaanza na sifuri. Shukuru Mungu.

Mama Cherehani
Mpuuze huyo. Mwanangu, achana na hizo XXL, zinaongeza kifua na kiuno, urefu kidogo sana. Nenda Memorial, lile soko la mitumba, asubuhi mabelo yanapofunguliwa, tafuta lebo yenye T mwishoni: LT, XLT. Hizo Wamarekani wanawashonea watu warefu, kampuni ya Columbia wanazo, L.L.Bean wanazo. Wauzaji wengi hawaziangalii, wanatundika pamoja na nyingine na bei ni ile ile. Kwenye suruali soma namba ya pili. 34 x 36, hiyo 36 ndiyo mguu.

Kuhusu kurefusha: flisi, lile sweta laini la baridi, ni kazi ndogo, unaongezewa ribu mkononi basi. Koti la mvua fundi asiliguse mabegani, maana kila tundu la sindano linaingiza maji. Akiongeza, aongeze kwenye pindo la mkono tu, na kwa ndani apige pasi ule utepe wa kuzibia mishono. Halafu nikwambie kitu, mara nyingi tatizo siyo mkono, ni kwapa linavuta. Ukiwekewa kipande cha pembe nne pale kwapani, unainua mkono na koti linabaki mahali pake. Nilimfanyia hivyo mwalimu wa kwaya yetu, joho lilikuwa linapanda kila akiinua mikono, waumini wanaangalia mkanda badala ya kusikiliza wimbo. Mpaka leo hajamalizia kunilipa.

Mtoto wa Matrah
Ndugu yangu, mimi niko Maskati, baridi naijua. Nilipanda Jebel Shams mwezi wa kwanza na binamu yangu, naye mrefu kama wewe, akasema Oman hakuna baridi, akaja na fulana. Wallahi usiku ule alilala ndani ya gari kajifunika zulia la miguuni. Agiza mtandaoni, siku hizi kila kitu kipo.

Mama Cherehani
Aagize leo Alhamisi afike nayo Jumatatu? Labda ailete mwewe.

Mzee wa Barafu
Ngongoti, kampuni imekupa listi ya vifaa? Kawaida mgeni anakaguliwa begi na kiongozi wake kabla ya safari, kinachopungua anakodi mjini. Kiongozi wako amesemaje?

Ngongoti
Listi sijapewa mkuu. Ila swali langu ni nguo tu. Nashukuru sana Mama Cherehani, kesho alfajiri niko Memorial.

Mzee wa Barafu
Mgeni aliyelipia safari hawezi kukosa listi. Unapanda kama nani?

Ngongoti
Haya. Naenda kama mgumu, yaani mpagazi, na ndiyo mara yangu ya kwanza. Sikutaka kuandika maana najua mtu atakuja hapa kuniambia nitafute kazi nyingine. Baridi haiulizi kama wewe ni mgeni au mpagazi.

Mchungaji Mstaafu
Tafuta kazi nyingine kijana. Mwili huo Mungu hakukupa ubebe mahema ya Wazungu. Vijana wa siku hizi mnapenda pesa ya haraka, shamba la baba limejaa magugu.

Kibuyu Tupu
Mchungaji, ni nani aliyekwambia pesa ya ugumu ni ya haraka?

Mzee wa Barafu
Hiyo ndiyo ingekuwa sentensi yako ya kwanza, maana ushauri wote unabadilika. Wagumu wengi hawafiki kileleni. Wageni wanatoka kambi ya Barafu usiku wa manane kwenda Uhuru, ninyi mnabaki kambini, baadaye mnashusha mizigo njia ya Mweka. Kwa hiyo usipoteze hela kutafuta koti kubwa la manyoya la kupandia kilele. Wewe utatembea na mzigo wa kampuni, mwisho kilo 20, unapimwa getini. Utatoka jasho. Shida inaanza ukifika kambini umelowa na ukakaa.

Siku ya kwanza Machame ni msituni, mvua muda wowote. Usivae jinzi! Jinzi na fulana ya pamba zikishalowa hazikauki kule juu, unalala nazo. Tafuta fulana mbili za kitambaa cha michezo. Jezi ya kikapu ya mikono mirefu ni nzuri tu, na za watu warefu zipo. Moja ya kutembelea, moja kavu umeifunga kwenye mfuko wa nailoni na haiguswi mpaka kambini. Juu flisi, juu yake koti la mvua. Suruali ikiwa fupi, soksi ndefu na gaita, vile vifuniko vya kuzuia tope juu ya kiatu, zinaziba lile pengo, hakuna atakayeona. Mkono ukiwa mfupi, kata soksi ya mpira wa miguu uivae kwenye kigasha. Mfuko wa kulalia ndio ujipange, hata ile mirefu mingi inaishia watu wa sentimita 198.

Na kabla ya kununua chochote nenda KPAP, ule mradi wa kusaidia wapagazi, wapo hapo hapo Moshi. Wanaazima nguo za mlimani kwa wagumu, bure. Zimeletwa na watu wa nje, kwa hiyo za warefu unaweza kukutana nazo.

Sasa niambie viatu.

Sagana Boy
Viatu ndio kusema. Mimi ni wa huku Mount Kenya, nilinunua buti za mtumba soko la Gikomba, safi kabisa, ungedhani zimetoka dukani jana. Tukielekea Lenana soli ikaachana na kiatu kama ganda la ndizi. Kumbe ile sponji ya katikati huoza ikikaa miaka kwa boksi, hata kama hakuna mtu amevaa. Siku hizi nikinunua nabonyeza hapo kati na kidole gumba na nakunja kiatu mara kadhaa. Ikitoa unga ama nyufa, narudisha. Nilimaliza safari na kamba ya hema imefungwa kwa soli, na yule rafiki yangu tulioenda naye ndiye huyo aliniibia msichana, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Kibuyu Tupu
Sagana lete hiyo stori, ya viatu tutasoma kesho.

Ngongoti
Viatu ninavyo.

Mzee wa Barafu
Namba ngapi, na mguu wako namba ngapi?

Ngongoti
Mguu 49. Buti nilizoachiwa na mjomba ni 46, nzito, za ngozi. Nimempelekea fundi pale karibu na stendi, anakata pua anaongeza kipande cha raba ya tairi. Amenihakikishia. Kimoja kimeshakatwa. Msinishambulie, 49 nimetafuta Moshi na Arusha hakuna, na zikipatikana dukani bei yake ni zaidi ya mshahara wa safari nzima. Kwani wazee wetu hawakupanda na makatambuga?

Mama Cherehani
Yesu wangu. Mtoto umeuliza mikono ya koti na kumbe huna miguu.

Mzee wa Barafu
Kupanda unaweza ukafika. Nina wasiwasi na kushuka. Kutoka Barafu mpaka Mweka ni mteremko, uzito wote na mzigo kichwani unakuja kwenye vidole. Kiatu kifupi namba tatu, kucha zinaondoka. Kiatu kilichokatwa pua kinaachia kwenye mshono, tope linaingia. Mwambie fundi aache hicho cha pili.

Ngongoti
Nimeshamlipa nusu.

Mashaka Mengi
Wakuu mbona hamuoni? Hii ni CHAI. Mtu wa sentimita 203, mguu 49, kilo 84, na hakuna timu ya kikapu iliyomchukua? Halafu nimepitia nyuzi zake, kuna mahali aliuliza baridi ya Kibo Hut ikoje. Machame haipiti Kibo Hut! Kibo Hut ni Marangu na Rongai. Ama ni mwandishi anatafuta stori, ama ana duka la nguo za warefu, kesho utaona namba ya simu. Uzi bila picha ni maneno matupu.

Kibuyu Tupu
Nilijua tu. Picha mkuu, umesimama kando ya friji.

Mtoto wa Matrah
Friji zinatofautiana. Asimame kando ya mlango.

Ngongoti
Kampuni ina makundi mawili, la Machame Jumatatu na la Marangu wiki inayofuata. Nimeandikwa yote mawili ndiyo maana niliuliza Kibo. Na kikapu sijui kucheza, nimechoka kuulizwa. Picha hiyo hapo: fremu ya mlango na utepe wa fundi. Uso sionyeshi.

Mashaka Mengi
Fremu inaweza kuwa fupi.

Mama Cherehani
Mashaka, mimi cherehani nimekaa nayo tangu hujazaliwa, huo utepe unasoma 203. Na angalia huo mkono wa shati. Mtu hawezi kuigiza kigasha.

Sagana Boy
Msee ako na kiatu moja imekatwa na nyinyi mko kwa fremu.

Ngongoti
Nimerudi. KPAP wamenipa suruali, mguu unanifika kwenye kifundo, na flisi. Memorial nimepata koti la mvua XLT kama Mama alivyosema, muuzaji alikuwa ameliweka na ya kike. Kwapa linafanyiwa kazi leo. Buti za 49 hakuna popote. Fundi hataki kurudisha hela, anasema cha pili akikiacha nitakuwa na jozi ya watu wawili. Kuna mwenye 48 pana, hata iliyotumika? Ila sponji isiwe imeoza.

Mzee wa Barafu
Njoo inboksi. Kuna mgumu mmoja wa Marangu ameacha kazi, 48, amenunua bodaboda.

Mashaka Mengi
Sasa ndiyo biashara inaanza. Bei?