Nataka kuona kiskrini cha ndani ya kamera bila kubandika jicho

wa_maharusi_Tanga
Wadau habarini, nina kamera ya video ya begani, ya zamani kidogo, skrini ya pembeni imekufa na fundi wa hapa Ngamiani anasema spea hamna, nimebaki na kile kitundu cha kuchungulia tu. Harusi za huku mnazijua, unasimama mpaka usiku wa manane shingo imepinda na miwani navaa. Nikirudisha kichwa nyuma kama shibiri naona kaduara ka katikati tu, kingo zote hamna. Kuna lenzi ya kupachika nione picha yote kwa mbali?

fundi_miwani
Ipo kaka, ila usiongeze juu ya lenzi iliyopo, utahangaika bure. Ile ya ndani ni ndogo na fokasi yake (umbali toka lenzi hadi mwanga unapokutana) fupi, tuseme milimita 25, imepigiwa hesabu jicho likae karibu, ukirudi nyuma ni kama kuchungulia ukumbi kwa tundu la ufunguo. Za begani nyingi kile kijumba cha lenzi kinainuka, kiinue ukione kiskrini chenyewe, mbele yake weka kioo cha kukuzia chenye fokasi ya milimita 100 na upana wa kama 50. Kiskrini cha nusu inchi utakiona chote hata ukiwa sentimita 30 nyuma. Ila picha itapungua, upana wake utabaki kama robo ya ulivyozoea, hapo hamna ujanja.

binti_chumbageni
Kwani tabu yote ya nini jamani, si uchomeke waya wa AV ule wa njano wa kutoa picha kwenye kiskrini cha rivasi cha gari?

wa_maharusi_Tanga
Dada, hicho kinakula volti 12, nibebe na betri ya pikipiki ukumbini? 😂 Fundi, kioo nitajuaje ni cha 100?

fundi_miwani
Kielekeze juani, kisogeze juu ya sakafu mpaka doa liwe dogo kabisa, toka kioo hadi sakafu ikiwa sentimita 10 ndio chenyewe. Kifunge kwenye kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa, kiache kiteleze mbele na nyuma hadi picha itulie, unaweza hata usihitaji miwani. Na mchana kifunike ukiweka kamera chini, jua likiingia humo linachoma kiskrini.