Kurasa zinachomoka kwenye kitabu cha jalada laini, nitumie gundi gani?

Mpenda Karatasi
Wadau, nina riwaya ya jalada laini. Karatasi 2 za katikati zimechomoka nzima na mgongo umepasuka hapohapo. Nakala ya kwenye simu ninayo, lakini maandishi yangu ya pembeni yamo kwenye hiki, na ndicho ninachotaka kuendelea kukisoma. Selotepu itafaa? Na je, karatasi kugeuka manjano kunazuilika?

Fundi Majalada
Selotepu usiiguse, ndugu yangu. Gundi yake huzama kwenye karatasi na kugeuka kahawia. Plastiki itabanduka, doa litabaki. Tumia gundi nyeupe ya PVA, maana hata ikikauka hujikunja bila kupasuka.

Kwangua kwanza gundi kuukuu ukingoni. Laza karatasi iliyochomoka, ifunike kwa karatasi chakavu ukiacha wazi milimita 2 tu, kisha paka gundi kwa brashi ukielekea nje. Irudishe hadi ndani kabisa. Ukingo wa mbele usitokeze kuliko wenzake. Weka karatasi ya nta pande zote mbili, funga kitabu, kiwekee uzito kwa saa 24. Wengi huharibu kwa kupaka gundi nyingi: inavuja, inagandisha kurasa jirani, na ukizifungua zinachanika.

Bibi Maktaba
Naongezea. Vitabu vingi vya aina hiyo havishonwi. Karatasi hukatwa upande wa mgongo, zikapakwa gundi ya moto, na gundi hiyo hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo vuta taratibu karatasi za jirani na ufa. Zikilegea nyingi, usizirudishe mojamoja, mgongo utavimba. Afadhali uondoe jalada, ung'oe gundi yote ya zamani, usawazishe karatasi na kuzibana kati ya mbao mbili. Zipinde upande mmoja, paka PVA, zipinde upande wa pili, paka tena. Hapo kila karatasi inapata gundi kidogo kwenye uso wake, si kwenye ncha tu. Bandika shashi (kitambaa chepesi chenye matundu) juu yake kabla ya kurudisha jalada.

Umanjano unatokana na lignini (kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti) na asidi iliyomo kwenye karatasi ya bei rahisi. Haurudi nyuma, ila unapunguzwa kasi: kitabu kikae mbali na jua, unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 30 na 50. Ukipita 65, kuvu huanza. Rafu isigusane na ukuta, hewa ipite nyuma.

Mpenda Karatasi
Asanteni sana. Nikizipinda, gundi iingie kiasi gani?

Fundi Majalada
Isizidi milimita 1. Ikizidi, kitabu hakitafunguka vizuri na maandishi yako ya upande wa ndani yatamezwa. Kama uliyaandika kwa kalamu ya wino, brashi isiwe na majimaji, wino utasambaa.