Uzi wa nta wa kufungia nyaya unapatikana wapi Mbeya, na unafungwaje?

FundiUyole

Wakuu habari za leo. Mimi ni fundi wayaringi wa magari hapa Uyole, sola nayo nafanya kazi zikitokea. Juzi nimeletewa amplifaya ya zamani ya kanisa, ile nzito ya valvu (zile taa za kioo za zamani), kuifungua tu nikakuta waya zote ndani zimelala sambamba na zimefungwa kwa uzi mwembamba wenye nta, mafundo yamepishana nafasi sawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna kebo tai (ule mkanda wa plastiki wa kufungia nyaya) wala tepu hata kipande, na ukiangalia unaona kabisa haijawahi kuguswa tangu itoke kiwandani. Kazi safi mno, nimeipiga picha nikawaonyesha vijana wangu wote.

Sasa nina lori la Fuso hapa la mteja anayepeleka viazi Dar, wayaringi yote ya dashibodi na ya chesisi tunatoa tunaweka mpya, na nataka nyaya zake nizifunge kwa uzi wa namna hiyo. Kebo tai kwenye gari la mizigo mnajua wenyewe, gari likishapanda na kushuka mlima Kitonga miezi kadhaa unakuta zingine zimekatika, zingine zimelegea waya zinacheza zinasuguana na chuma, na zile ncha zilizokatwa vibaya zinachana mikono ya fundi anayekuja nyuma yako.

Naomba kujua huu uzi unaitwaje kitaalamu, huku kwetu naupata wapi bila kuagiza nje, na fundo lenyewe linafungwaje maana nimejaribu kulifuata kwa macho kwenye ile amplifaya naona linanipotea.

---

Spea_Mwanjelwa

Mkuu maduka ya umeme huku Mwanjelwa ukiulizia uzi wa kufungia nyaya utapewa kebo tai, ndo wanachojua. Nenda kwa wale wanaouzia mafundi viatu vifaa, gundi soli na sindano, ulizia uzi wa nta wa kushonea viatu vya ngozi. Uko bapa kidogo, unakuja kwenye rola ndogo rangi mbalimbali.

Ila kabla hujalipa omba kipande uchome ncha kwa kiberiti. Ukiyeyuka ukaacha kidonge kigumu, huo ni polista au nailoni, chukua. Ukiwaka ukaacha majivu laini huo ni pamba, kwenye gari usiuweke, unavuta unyevu na baadae unaoza.

---

MzeeWaSimu_Iringa

Kamwene vijana. Nimefurahi sana kuona fundi wa magari anauliza hili, maana nilidhani limekufa na sisi. Nimefanya kazi ya kufunga nyaya kwenye mitambo ya simu enzi za Posta na Simu, na huu uzi ndio ulikuwa kazi yetu kutwa nzima.

Kwa jina unaitwa leising kodi, ule ulio bapa wanauita leising tepu. Ubapa una faida, uzi wa duara ukikazwa sana unaingia kwenye ganda la waya, ule bapa unagawa mkazo. Ukitaka kuagiza ule wa viwango vya ndege, tafuta kwa namba: A-A-52080 ni nailoni, A-A-52081 ni polista, A-A-52084 ni aramidi ambayo ndiyo Nomex, ya sehemu za moto. Kwa Fuso polista inatosha kabisa, na wa fundi viatu alioutaja ndugu wa Mwanjelwa ni kitu hicho hicho kwa matumizi yako.

Kebo tai mnayoiona leo ilizaliwa kwa sababu ya uzi huu. Maurus Logan wa kampuni ya Thomas & Betts ya Marekani alitembelea kiwanda cha Boeing miaka ya 50, akaona wafungaji nyaya wanavyokatwa vidole na uzi wa nta wanapokaza mafundo, akarudi akabuni kebo tai, ikatoka 1958. Kwa hiyo kijana usizungushie uzi kwenye kidole ukavuta. Zungushia kwenye kijiti au kwenye mpini wa bisibisi ndogo, vuta na hicho, vidole vyako utavihitaji jioni.

Sasa fundo. Kuna kazi za aina mbili. Ya kwanza ni fundo moja moja, kila moja linajitegemea. Zungusha uzi kwenye fungu la nyaya, uvukishe juu ya wenyewe, zungusha mara ya pili, ncha uipitishe chini ya ule mvuko, vuta ncha zote mbili mpaka likae. Hapo limeshika lakini halijafungwa. Juu yake piga fundo la kawaida mara mbili, la kwanza kulia juu ya kushoto, la pili kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande ule ule mara zote mbili litateleza hata uzi uwe mzuri vipi. Kata ncha ubakize milimita 5 au zaidi kidogo, usikate kwenye fundo lenyewe.

Ya pili ndiyo uliyoiona kwenye amplifaya, uzi mmoja unatembea toka mwanzo mpaka mwisho. Unaanza na fundo hilo la juu. Halafu uzi unaulaza juu ya nyaya kuelekea unakokwenda, unaushikilia kwa kidole gumba pale unapotaka fundo linalofuata, ncha unaizungusha nyuma ya fungu, ikirudi mbele ipite JUU ya uzi ulioulaza kisha iingie CHINI ya mzunguko wenyewe, ili uzi unaoendelea mbele utokee ukiwa umebanwa kati ya mzunguko na nyaya. Kaza, songa mbele, rudia. Mwisho funga kama ulivyoanza.

Hapo kwenye juu na chini ndipo wengi wanapokosea na kwa macho huwezi kujua, fundo sahihi na lililokosewa yanafanana. Njia ya kujua ni hii: jifunzie kwenye fimbo, ukishafunga matano sita chomoa fimbo. Uzi ukibaki na mafundo, umepatia. Uzi ukinyooka wote, umekosea, na wayaringi yako siku uzi ukikatika sehemu moja italegea yote. Ukipatia, hata ukikatika katikati, mafundo ya pande zote mbili yanabaki yameshika.

---

FundiUyole

Mzee wangu shikamoo. Hili somo sijawahi kulipata popote, Mungu akubariki. Hilo la kuchomoa fimbo nimelifanya hapa hapa nikisoma, la kwanza limenyooka lote kweli, la pili nikafuata juu halafu chini limebaki.

Nina maswali mawili bado. Karibu na injini nta haitayeyuka? Na chesisi nzima niende na uzi mmoja au fundo moja moja?

---

MzeeWaSimu_Iringa

Marhaba. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo kwenye chumba cha injini itayeyuka, ndiyo. Lakini nta kazi yake kubwa ni kusaidia uzi usiteleze wakati unakaza. Fundo likishakaa vizuri linajishika lenyewe. Shida ni uzi wenyewe, polista inayeyuka kwenye nyuzijoto 250 na kitu, nailoni 220 hadi 260 kutegemea aina, ila zote zinaanza kupoteza nguvu mapema kabla ya hapo, kwa hiyo karibu na ekzosi au tabo (turbo) usiweke uzi wa fundi viatu kabisa. Hapo ni Nomex, na kama huna weka klampu ya chuma na uisogeze waya mbali.

Dashibodi tembea na uzi mmoja, panapendeza na ni rahisi kutoa tawi la waya pale unapotaka likate kushoto au kulia. Chesisi funga moja moja, maana kule jiwe au fundi mwingine akikata moja, moja tu ndilo linaondoka. Kwenye ndege mwongozo wa Marekani unasema fungu la nyaya lifungwe pale ambapo klampu zimepishana zaidi ya inchi 12, yaani kama sentimita 30. Kwa Fuso mimi ningefunga kwa karibu zaidi ya hapo.

Na shika hili: uzi unafunga waya kwa waya. Kuzishikilia kwenye chesisi ni kazi ya klampu yenye mpira. Nimeona watu wanafunga fungu zima kwenye chuma kwa uzi, mtikisiko unausaga uzi kwenye ukingo wa chuma mpaka unakatika.

---

BodaFundi_Tunduma

Nawaheshimu wakuu ila mimi naona muda. Kebo tai sekunde mbili, fundo hilo dakika nzima, mteja yuko nje anapiga simu gari liko wapi. Kwani kebo tai nzuri zile nene haziwezi?

---

MzeeWaSimu_Iringa

Zinaweza sehemu nyingi ndugu yangu, sizikatai. Nyumbani, kwenye paneli iliyotulia, weka kebo tai. Hata kwenye kazi ya uzi zinasaidia, unazitumia kushikilia umbo la fungu kwa muda, unafunga uzi kuanzia mwanzo, kila ukifikia kebo tai unaikata unatoa. Ila palipo na mtikisiko na joto, hata kwenye ndege kebo tai za plastiki zina sehemu zimekatazwa, na sababu ni kwamba ikikatika waya inabaki huru kugusa kinachozunguka au kinachounguza. Gari la viazi linakimbia usiku kwenye milima, dereva yuko peke yake na taa zake. Mimi hiyo dakika moja ya fundo naitoa kwa moyo mweupe.

---

DadaSola_Njombe

Naongezea upande wa sola maana aliyeuliza kasema anafanya pia. Huku Njombe tuko karibu mita 2,000 juu, watu wanadhani kwa sababu kuna baridi basi jua halina kazi, kumbe mionzi ya huku juu ni mikali na kebo tai nyeupe juu ya bati haikai, inapauka inakuwa ngumu, msimu wa baridi na ukavu ukiigusa inavunjika. Nyeusi inakaa zaidi kwa sababu ya ile kaboni ndani yake. Uzi nao ni hivyo hivyo, nailoni juani inachoka mapema kuliko polista, kwa hiyo juu ya paa chagua polista. Kamba ya manila ya kufungia magunia usiiguse, jua linaitafuna inakuwa unga unga, na vipande vya tyubu ya baiskeli navyo vinapasuka. Nimepanda mapaa mengi nikakuta waya za paneli zinaning'inia zinapigwa na upepo kwa sababu ya hivyo vitu viwili.

Lingine ambalo nawaomba mafundi wenzangu mlizingatie, fungu likipendeza sana linaweza kuwa hatari. Waya zenye mzigo mkubwa ukizifunga pamoja zinapashana joto. Jedwali za IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, zinasema saketi 2 zikifungwa pamoja kila moja ihesabiwe kubeba asilimia 80 tu ya uwezo wake, zikiwa 3 asilimia 70, zikifika 6 asilimia 57. Kwa hiyo waya ya betri kwenda inveta iache peke yake, ifunge mbali na zile za taa, au kama lazima zikae pamoja panda saizi ya waya.

Na kebo ya antena ya king'amuzi au ya redio ukiifunga humo usikaze mpaka ibonyee, ndani yake kuna plastiki laini, ikibonyea mawimbi yanaharibika na hutajua tatizo liko wapi.

---

Nyavu_Kyela

Kama wa fundi viatu utaukosa, shuka huku Kyela, au agiza mtu anayekuja Mbeya. Wanaosuka nyavu za ziwani wanauza uzi wa nailoni wa nyuzi nyingi uliosokotwa, unapata unene wowote unaotaka, na una nguvu sana. Unakuja bila nta kwa hiyo unateleza, lazima uupake mwenyewe. Nunua nta ya nyuki kwa wanaouza asali, mshumaa wa dukani usitumie, ni mgumu unabanduka vipande vipande ukikunja uzi. Bonge la nta shika mkono mmoja, uzi uburute juu yake mara kadhaa mpaka uhisi unanata, halafu uupitishe kwenye kitambaa ulichokipasha moto kidogo, nta inaingia ndani ya nyuzi na ya ziada inafutika. Uzi uliobaki na madonge ya nta unakusanya vumbi na dizeli.

Kwa vile ni wa duara usichukue mwembamba sana, ule wa milimita 1 hivi ndo mzuri, mwembamba unakata ganda la waya kama alivyosema mzee.

---

FundiUyole

Ndaga fijo Kyela, na asanteni wote. Leo nimepita Mwanjelwa nimeupata wa viatu, mweusi, nimechoma ncha ukafanya kidonge. Nimeanza na fungu la nyuma ya dashibodi, nyaya za taa nimezitenga na ile ya betri alivyosema dada wa Njombe. Chesisi naisubiri klampu za mpira, nimepata saizi mbili tu hapa mjini, kama kuna mtu wa Makambako au Mafinga anajua duka lenye za milimita 25 aniambie, nitamtuma kondakta wa basi anichukulie.

---

Spea_Mwanjelwa

Za 25 usisumbue kondakta mkuu. Pita eneo la viwanda vidogo la SIDO asubuhi kwa wanaouza spea za malori zilizotumika, wanazitoa kwenye kabini za zamani. Angalia mpira haujapasuka na tundu la bolti halijatanuka, chukua na za akiba.