Marehemu hakuacha wasia: nyumba Wete, mikarafuu na hela za benki

Mkojani_wa_Wete: Assalaam alaykum. Marehemu kaacha wake wawili, mama yake mzazi, wana wa kiume watatu na wa kike wawili, wote watu wazima. Pana nyumba, shamba la mikarafuu na hela benki. Ndugu yake, baba mmoja mama mmoja, anadai fungu. Yupo na mjukuu aliyefiwa na babake zamani. Tuanzie wapi?

Fundi_Mirathi: Waalaykum salaam. Kwanza gharama za maziko, kisha madeni. Mahari ambayo hayajalipwa nayo ni deni, msiyasahau. Kilichobaki ndicho cha kugawa.

Wake wana thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto. Thumni hiyo ni moja, wanagawana sawasawa. Wengi hupotea hapa, wakampa kila mke ya kwake. Mama ana sudusi, moja ya sita. Baki ni ya watoto, mwanamme mara mbili ya mwanamke.

Fanyeni mafungu 192: kila mke 12, mama 32, kila mwana 34, kila binti 17. Nyumba ikithaminiwa milioni 96, mke anapata milioni 6, mama 16, mwana 17, binti 8 na nusu. Kama mke alichangia ujenzi, athibitishe na atoe chake kabla, hicho si mirathi.

Ndugu hapati kitu, wana wa kiume wamemzuia. Mjukuu pia, maadamu ami zake wapo. Babu angetaka, angemwachia wasia usiozidi thuluthi, moja ya tatu ya mali. Sasa ni hisani tu, kila mrithi kutoka fungu lake.

Bi_Karani: Makaratasi: cheti cha kifo, barua ya sheha (kiongozi wa mtaa wenu), vyeti vya ndoa vya wake wote wawili, vya kuzaliwa vya watoto, hati za mali, na mashahidi wanaoijua familia. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ofisi ipo hapo hapo Pemba. Mkigombana, Mahakama ya Kadhi. Benki haitoi hela kwa barua ya sheha peke yake. Na kadi ya marehemu isitumike kutolea hela, hata za kisomo. Baadaye hesabu haikai.

Mkojani_wa_Wete: Ahsanteni. Karafuu mwana mkubwa kashazichuma baada ya maziko, anasema jasho lake.

Fundi_Mirathi: Jasho lina malipo yake, karafuu ni za warithi wote. Akate alichowalipa wachumaji kwa pishi, na gharama za kuchambua na kuanika. Risiti za ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, zitaonesha kauza kiasi gani. Kinachosalia kigawiwe kwa mafungu yale yale 192.

Shamba lenyewe liangalieni kwa makini. Kwetu mti unaweza kuwa wa huyu na ardhi ya yule, basi hesabuni mikarafuu mmoja mmoja na mtaje ni ya nani. Kama ni zile eka tatu walizogawiwa watu na Serikali baada ya 1964, someni hati kabla hamjaanza kukata mipaka. Ardhi Zanzibar ni mali ya umma, mtu ana haki ya kuitumia.

Bi_Karani: Na msichelewe, mama wa marehemu ni mtu mzima sana. Akifariki kabla hamjagawa, mafungu yake 32 yanakwenda kwa warithi wake yeye. Hapo yule ndugu aliyezuiwa anaingia kama mwana wa mama yake, na wajukuu ndio wanaozuiwa naye.