Waliopanda Meru au Kilimanjaro: kushuka kulikuwaje? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Sakina, Arusha
Wakuu habari za jioni. Hadithi za mlima huku kwetu ni za kupanda tu: nani alifika, nani aligeuzia Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kilimanjaro kabla ya kilele. Za kushuka hazisimuliwi, na naona huko ndiko watu wanakoumia. Kutoka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hadi geti la Mweka ambalo halifiki hata 1,700, unateremka zaidi ya mita 4,000. Wengi wanazimaliza ndani ya siku mbili, tena wakianza na usiku ambao hawakulala. Mimi na binamu zangu tunapanda Meru mwezi ujao, na mmoja goti lake liliwahi kufanyiwa upasuaji. Mliopita huko, tusaidieni.

Wa Usa River
Meru usiidharau kwa sababu ni fupi. Usiku unatoka kambi ya Saddle, mita 3,570, kwenda kileleni 4,562. Ukishafika, siku hiyohiyo unashuka hadi kambi ya Miriakamba, mita 2,514, na wanaokwenda kwa siku tatu hawalali hapo, wanaunganisha mpaka geti la Momella. Kwa goti hilo, chukueni siku nne. Askari mwenye bunduki anatembea na kundi kwa ajili ya nyati, kwa hiyo huwezi kumwacha ndugu yako nyuma aje taratibu.

Jiandaeni pia na kipande cha kati ya kilele na Rhino Point, iliyo juu ya Saddle. Usiku unapita gizani hukioni. Kurudi kumekucha, ndipo unauona ukuta wa kreta ulivyokatika kwenda chini, na mguuni ni majivu na mawe yanayoteleza. Mimi pale niliogopa kuliko popote.

Mgumu mstaafu, Kiboriloni
Wanangu, nimebeba mizigo miaka mingi, nawaambia niliyoyaona. Kabla ya kuanza kushuka, kaa chini ufunge viatu upya, ukaze pale kwenye kifundo, vidole visigonge mbele. Kucha nyingi zinafia hapo. Magongo yarefushwe kidogo. Hatua fupi, goti limelegea, usilinyooshe likapokea uzito wote. Chini ya Stella vijana wanakimbia kwenye changarawe kwa sababu ni laini, halafu kutoka kambi ya Barafu kwenda Mweka njia inakuwa mawe na ngazi na miguu imekwisha.

Na mgumu akija nyuma yako na mzigo kichwani, mpishe, wewe usimame upande wa mlimani. Kilo 20 kwenye mteremko hazisimami ghafla.

Dada wa Majengo, Moshi
Shikamoo mzee, la kucha ni kweli tupu, zangu mbili zilitoka. Mimi nilishukia njia ya Marangu. Kichwa kilichoniuma kambi ya Kibo kilipungua kadiri nilivyoteremka kuelekea kambi ya Horombo, lakini mapaja yalitetemeka nikashindwa kukaa chooni. Mazoezi yangu yote yalikuwa ya kupanda. Kushuka, paja linafanya kazi huku linavutwa, na hilo lisipozoeshwa linauma siku kadhaa. Binamu aanze sasa kushuka ngazi, au aje Materuni, ile njia ya maporomokoni. Ila kwanza amuone daktari wake.

Mkazi wa Sakina, Arusha
Mzee wetu, pokea na shikamoo yangu. Dada, asante sana. Nimeshampigia binamu: daktari kwanza, halafu siku nne. Magongo ya kukodi hapa Arusha tunapata wapi?

Wa Usa River
Ulizeni kampuni inayowapeleka, wengi wanayo. Yajaribuni vifungo kabla ya kuondoka, mengine hulegea yakajifupisha ukiyaegemea.