Insha za uchumi: tuwaulize wanafunzi swali la namna gani?

Muuliza swali
Wahadhiri wenzangu, nafundisha uchumi mwaka wa pili, darasa la wanafunzi 180. Muhula uliopita niliwaagiza waandike kurasa kumi kwa swali hili: "Jadili athari za serikali kuingilia bei sokoni." Karibu insha zote zilianza na fasili ileile ya soko, zikafuata faida na hasara, na hakuna iliyouliza ni nani aliyeumia. Niulize vipi ili mwanafunzi alazimike kufikiri, nami nimalize kusahihisha kabla sijazeeka?

Mchangiaji wa kwanza
Mwalimu, ukisema "jadili athari" umeshamkaribisha mwanafunzi anakili. Mpe kisa kimoja na msomaji mmoja. Mimi hutumia sheria ya Kenya ya mwaka 2016, iliyozuia riba ya mikopo ya benki isipite ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne, hata riba ya Benki Kuu ilipokuwa asilimia 10, ukomo ukawa 14. Ikaondolewa Novemba 2019. Agizo langu ni hili: "Kwa maneno yasiyozidi 500, mweleze mbunge asiyesoma uchumi kwa nini mama muuza mboga huenda akanyimwa mkopo riba ikishushwa kwa sheria." Hapo mchoro wa mahitaji na ugavi haumwokoi, ni lazima aeleze kwamba benki isiyoweza kutoza riba inayolingana na hatari ya mkopaji huona heri inunue dhamana za serikali, yaani iikopeshe serikali badala yake.

Mchangiaji wa pili
Kisa ni kizuri, ila mwenzangu, agizo lako limeshatoa jibu. Waliokuwa na mikopo tayari walipata nafuu ya kweli, na mwanafunzi anayeliona hilo amefikiri kuliko anayekariri hoja yako. Muulize tu nani alifaidika, nani aliumia, na kwa njia gani. Kuhusu kusahihisha, mimi hukusanya kwanza aya moja, ile yenye hoja, nikaisoma kwa dakika mbili na kuandika swali moja pembeni. Insha kamili huja wiki tatu baadaye, ikiwa imeambatishwa na aya hiyo.

Muuliza swali
Ahsanteni. Aya 180 kwa dakika mbili ni saa sita, ilhali zile kurasa 1,800 zilinila wiki tano. Je, aya hiyo ya kwanza mnaipa alama?

Mchangiaji wa pili
Naipa tano kati ya ishirini. Nilipoiacha bila alama, nusu ya darasa haikuileta.